Wigi la Marehemu

Mlionisoma juma lililopita mliniacha nikiburuta godoro kwenda stoo, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kwa aliyechelewa kuingia, nitamdokezea.

Mimi ni fundi wa mawigi. Nimeolewa na fundi wa friji aliyefiwa na mkewe wa kwanza. Nilikuta nyumba imeshapangwa, binti ameshakua, na picha ya marehemu imeshapigiliwa misumari sebuleni. Sasa binti huyo anaolewa Jumamosi. Mdogo wa marehemu, ambaye sote tunamwita Mama Mdogo, kaja kwa ajili ya harusi na kapewa chumba chetu chenye feni. Mimi na mume wangu tukahamia stoo. Aliyependekeza ni mume wangu.

Nilidhani stoo ndiyo mwisho wa msiba wangu. Kumbe nilikuwa bado mlangoni.

Jumatano asubuhi bibi harusi alinifuata kazini. Kazini kwangu ni chumba kimoja chenye madirisha mawili. Dirisha moja ni langu, pamoja na rafu ya vichwa vya plastiki, mabeseni na jiko dogo. Dirisha la pili ni la fundi cherehani tunayemwita Mkasi, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya mdomo wake.

"Anti, nimekuletea kazi," bibi harusi akasema.

Huniita Anti tangu siku ya kwanza. Sijawahi kumwambia nataka jina jingine. Lakini kila akiliita, moyo wangu hupiga hatua moja nyuma.

Akafungua foronya, akatoa wigi. Nililijua kabla halijatoka lote. Nimelitazama kila asubuhi ukutani kwa miaka yote ya ndoa yangu, liko kichwani mwa marehemu, linang'aa, limemwangukia kwenye paji la uso kama malkia. Sasa lilikuwa limefubaa. Ncha zimesimama kama ufagio wa chelewa, na limeshika vumbi la kabatini.

"La mama," akasema. "Nataka kulivaa Jumamosi. Naomba ling'ae kama pale kwenye picha."

"Litang'aa."

"Kweli, Anti?"

"Mawigi ya plastiki ndiyo kazi yangu. Na nani atakuvalisha?" Niliuliza kama mtu anayeuliza saa.

Akainama, akakunja foronya. "Bado sijaamua. Ni wewe au Mama Mdogo. Atakayenivalisha ndiye atakayekaa kiti cha mama, pale mbele na baba. Nimeshamwambia baba hivyo."

"Baba kasemaje?"

"Kasema niamue mwenyewe."

Siwafichi. Nilikitaka kile kiti. Siku binti huyo alipohitimu masomo, kiti cha pembeni ya mume wangu kiliachwa wazi kwa heshima ya marehemu, wakaweka mkoba wa shangazi mtu juu yake. Mimi nilikaa safu ya nyuma na watu wa vyakula. Siku ya kuletwa posa, hali ikawa ile ile. Mkoba umekaa mbele mara mbili, mimi sijakaa hata mara moja. Safari hii niliapa nitakaa, watu wanione.

Bibi harusi alipotoka, Mkasi akasimamisha cherehani.

"Shoga, unamng'arishia mke mwenzio."

"Marehemu si mke mwenza."

"Tena ni mbaya zaidi. Aliye hai atazeeka, atanenepa, siku moja mtagombania ndoo, mtasikizana. Huyu utamfanya nini? Kazi yake ni kupendeza tu pale ukutani."

"Fanya kazi yako, Mkasi."

"Naifanya. Ila ningekuwa mimi, maji yangekuwa ya moto kidogo. Kidogo tu. Bahati mbaya, wigi limekunjamana, pole sana."

Wazo hilo lilikuwa limeshanipitia mimi kabla yake. Lakini wigi likiharibika, kiti nacho kwaheri. Ilinibidi nimpendezeshe yule mwanamke kwa mikono yangu mwenyewe ili nipate kukaa mahali pake. Nikafunga aproni.

Kila wigi linaloingia kwangu hupimwa kwanza. Nilichomoa unywele mmoja kisogoni, nikauwashia kiberiti. Uliyeyuka ukawa kitone kigumu cheusi. Plastiki. Ungekuwa wa mtu ungenuka na kuwa majivu. Mimi huchomoa kisogoni kwa sababu ndiko kusikoonekana. Hakuna mteja anayependa kupunguzwa nywele za mbele, na mafundi wote ninaowajua hufanya hivyo hivyo.

Nikalichana kwa chanuo la meno mapana, kuanzia ncha kwenda juu. Nikajaza beseni maji baridi, nikatia sabuni kidogo, nikalilaza. Wigi la plastiki halisuguliwi, hubonyezwa tu kama unavyombembeleza mtoto alale. Baadaye linahamia kwenye beseni la pili, lenye maji baridi na dawa ya kulainishia nguo. Ndiyo, ile ile ya kufulia mataulo. Plastiki ni ndugu wa nguo kuliko wa nywele, na ndiyo maana mafuta mnayoyapaka huko nyumbani yanayafanya mawigi yenu yawe kama yamekaangwa.

Nililiacha humo, nikamhudumia mteja mlangoni. Nilimwonyesha jinsi ya kulala na wigi lake bila kulivuruga, yaani asilale nalo. Nikarudi.

Nilipolitoa majini, nyuma lilikuwa zuri. Mng'aro ulikuwa umeanza kurudi, unateleza vidoleni. Nikaligeuza mbele.

Mbele hakukuwa na kitu.

Yaani zile nywele za kuangukia kwenye paji la uso, zile za malkia, zilikuwa zimejikunja zote. Zimerudi juu, zimejisokota vipilipili vidogo vidogo vilivyokaza kwenye wavu.

"Mkasi," nikaita. "Njoo utazame."

Mkasi akaja na sindano mdomoni. Akaitoa ili azungumze vizuri. "Umetia maji ya moto kweli? Mimi nilikuwa natania."

"Ni baridi. Tia mkono."

Akatia mkono. Kisha akafanya jambo ambalo mimi fundi sikulifanya. Akachomoa unywele mmoja pale mbele, akauwasha. Chumba kizima kilinuka kama kuku anayebabuliwa.

"Hii ni ya mtu," akasema.

Nikakaa. Plastiki haina habari na maji baridi. Nywele za mtu zilizonyooshwa kwa chanuo la moto ndizo zinazorudi kwao zikilowa. Mtu fulani alikuwa ameshonea safu za nywele za kweli mbele ya wigi la plastiki, ili mpaka wa uso uonekane wa kuzaliwa, na akazinyoosha zikafanana. Kazi safi. Mimi nikaipima kisogoni.

"Utazinyoosha tena," Mkasi akasema.

"Wapi? Chanuo la moto likizigusa, litaigusa na plastiki iliyo jirani. Itayeyuka yote."

"Basi?"

"Nizifumue. Nizinyooshe peke yake, nizishone upya."

"Na leo Jumatano." Mkasi akarudi kwenye kiti chake. "Shoga, umemlowesha marehemu, naye kakujibu."

Ningecheka siku nyingine. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye wavu Mama Mdogo alipoingia, kaja kujaribu gauni lake kwa Mkasi. Mama Mdogo ni mrefu, mwembamba, anazungumza polepole, na ana sura ile ile ya ukutani. Mume wangu humwita shemeji, na akimwita sauti yake hulainika. Mimi ndiye ninayeisikia inavyolainika. Wengine wanasema ninasikia makubwa.

Akaliona wigi.

"Mmezitia maji?" akauliza.

"Nini?"

"Nywele zangu."

Nikamtazama. Mkasi naye akamtazama, mguu umekwama kwenye pedali.

"Hizo za mbele ni nywele zangu," Mama Mdogo akasema. "Dada alipoumwa, nywele zake zilinyonyoka zote. Wigi la dukani lilimuumbua, lilikuwa linaonekana kabisa. Basi zikashonewa hizo mbele. Kwani hukuambiwa?"

"Ningeambiwa na nani?"

"Mimi nilijua mumeo amekwambia. Watu wote nyumbani wanajua."

Watu wote nyumbani. Mimi nilikuwa nani, mpangaji?

Akatoa simu, akampigia bibi harusi, akaweka sauti ya wazi. Alieleza vizuri, kwa upole, hakunisema vibaya. Upole wake ndio ulionichoma zaidi.

"Anti, kweli hukujua?" Sauti ya binti ilitoka kwenye simu. "Mama Mdogo aliniambia tangu niko mdogo. Nilidhani baba alikwambia. Zimeharibika?"

"Hazijaharibika. Zimejikunja tu. Nitazinyoosha, Jumamosi zitakuwa sawa."

Binti akashusha sauti. "Sasa nafikiri, Anti. Kama nywele ni za Mama Mdogo, si vizuri anivalishe yeye? Usinielewe vibaya. Wewe umelifanyia kazi, nashukuru sana. Ila nywele ni zake."

"Unavyoona wewe, mwanangu."

Hilo neno mwanangu lilinitoka lenyewe. Yeye akaaga, akakata simu.

Mama Mdogo hakucheka. Lakini mimi nilimwona amecheka.

Akavua, akajaribu gauni. Alipoinamisha kichwa ili Mkasi afunge zipu, kitambaa chake cha kichwani kikateleza, nami nikaziona nywele zake kwa mara ya kwanza kwa karibu. Nyepesi, laini, rangi yake kama chai iliyozidi maziwa. Bibi harusi anazo kama hizo, na marehemu pia kwenye picha zake za usichana. Ukoo mzima uko hivyo.

Nikatazama mkononi mwangu. Nilikuwa nimeshika nywele nyeusi ti, nene, ngumu. Ukivuta moja na kuiachia, inaruka na kurudi mahali pake.

Wivu una ubaya wake, lakini haujawahi kunipofusha. Nikamwacha avae, atoke, aage. Nikaanza kufumua.

Siku ya pili mchana, mume wangu alikuja kunitengenezea feni ya kazini. Mkasi alikuwa ametoka kupeleka nguo. Safu tatu za nywele zilikuwa mezani, juu ya taulo, na wigi limekaa kwenye kichwa cha plastiki likiwa na kipara cha mbele.

Aliingia na bisibisi mkononi, akaona meza. Akaitazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama nywele za shemeji yake.

"Mbona umezitoa?" akauliza.

"Zilijikunja. Nimeambiwa ni za Mama Mdogo."

"Mm."

"Si za Mama Mdogo."

Akapanda kwenye kigoda, akaanza kufungua feni. "Nani kasema si zake?"

"Zenyewe. Nywele za shemeji yako ni laini. Hizi ni ngumu, mswaki mtupu. Mimi ndiyo kazi yangu hii, baba. Usinidanganye ndani ya chumba changu cha kazi, nyumbani kwenyewe nimeshahamishiwa stoo."

Akashuka. Akaketi kwenye kigoda kile kile alichokuwa amekikanyaga. Akavua kofia yake ya kazi, akajipangusa jasho kichwani. Mume wangu hunyoa upara, tangu nimjue.

"Ni zangu," akasema.

Nilisikia vizuri, lakini nikamwambia arudie.

"Zangu. Marehemu alipoanza kunyonyoka nikaacha kunyoa. Kazini walinicheka, mama yangu aliniuliza kama nimeingiwa na wazimu. Zilipofika urefu wa kutosha nikampelekea fundi. Nikamwambia mke wangu nimezinunua."

"Hakujua?"

"Hakujua mpaka anakufa. Angejisikia vibaya."

"Na Mama Mdogo?"

"Yeye ndiye aliyenipeleka kwa fundi. Baadaye mtoto akauliza nywele ni za nani, shemeji akasema ni zake. Mtoto akafurahi, akamng'ang'ania kama mama. Mimi nikanyamaza."

Nitawaambia nilivyojisikia, maana ndiyo tumekubaliana humu, niseme yote. Sikumhurumia. Sikumhurumia hata marehemu. Nilimwonea wivu mtu aliyekuwa mgonjwa kitandani, aliyeoza zamani, kwa sababu mwanamume huyu aliyekaa mbele yangu alikubali kuchekwa na mji mzima kwa ajili yake. Mimi, nilipomwomba abadilishe shati tuende kwa wazazi wangu, alisema ataonekana anajionyesha.

"Mimi hujawahi kunifugia hata ndevu," nikamwambia.

Akanitazama kama hajanielewa. "Wewe nywele unazo."

Hilo ndilo jibu nililopewa. Nimelitafuna mpaka leo, haliishi.

"Binti anataka kumpa Mama Mdogo kiti," nikasema. "Kwa sababu ya nywele zako. Nimwambie ukweli?"

Akavaa kofia. "Ukitaka kusema, sema. Mimi sitakuzuia."

Yashikeni maneno hayo, maana mimi niliyashika kwa mikono miwili. Akamaliza feni, akaiwasha, akaondoka. Upepo ukapeperusha zile nywele mezani, nikazilalia kwa viganja zisiruke.

Nikawasha jiko, nikaweka chanuo la chuma. Nikazipaka mafuta kidogo, nikazinyoosha kidogo kidogo. Zilikuwa zinatoa moshi na ile harufu yake, zikinyooka, zikawa ndefu, nyeusi. Katikati ya kazi nikagundua kwamba nilikuwa nachana nywele za mume wangu kwa mara ya kwanza. Nilizichana zaidi ya ilivyohitajika. Nikaona haya, nikaendelea.

Nikazishona upya kwa sindano ya kupinda, safu kwa safu. Ncha za plastiki zilizokakamaa nikazipitishia mvuke wa birika kwa mbali, zikalegea. Nikapulizia dawa ya mng'aro kidogo tu, maana ikizidi inanasa vumbi. Mkasi aliporudi alisimama mlangoni na kapu lake.

"Umemfufua," akasema.

Nikamsimulia. Mkasi ana mdomo, lakini siku hiyo alitia kapu chini na kunisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hesabu yako iko hivi," akasema. "Ukisema, Mama Mdogo anashuka. Lakini marehemu anapanda mpaka mbinguni. Kila mtu atajua alivyopendwa. Harusi nzima itakuwa hadithi ya nywele hizo."

"Najua."

"Ukinyamaza, marehemu anabaki alipo, ila Mama Mdogo anakaa kwenye kiti."

"Najua, Mkasi."

"Ungekuwa na mke mwenza mmoja ningekushauri. Wawili siwawezi."

Nilibeba wigi nyumbani likiwa juu ya kichwa chake cha plastiki, nimelifunika kanga. Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Kweli kabisa, nilikuwa nimepiga moyo konde. Nilijiambia mtoto avae, apendeze, kiti akakae anayekaa, mimi nitavaa gauni langu la zambarau na nitacheza kuliko wote.

Sebuleni walikuwapo watatu: bibi harusi, baba yake, na Mama Mdogo anayefunga zawadi. Nikaweka kichwa mezani, nikavuta kanga.

Bibi harusi aliweka mikono mdomoni. Wigi lilikuwa linang'aa kuliko lile la kwenye picha, na sisemi hivi kwa sababu ni kazi yangu. Taa ya sebuleni ilikuwa inateleza juu yake kutoka utosini mpaka ncha. Mbele lilianguka kwenye paji la uso sawasawa, huwezi kujua plastiki inaishia wapi.

"Anti," akasema. "Ni mama kabisa."

Akanikumbatia. Kwa mara ya kwanza, mikono yote miwili. Nilifumba macho. Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kuwaandikia juma hili.

Lakini Mama Mdogo alisimama. Akaja mezani, akapitisha vidole kwenye zile nywele za mbele, taratibu, mara moja, halafu tena. Alizishika kama mtu anayezijua. Nami nikakumbuka ni nywele za nani anazozishikashika mbele yangu.

"Bado ziko hai," akasema. "Nywele zangu jamani."

"Si zako," nikasema.

Lilitoka kabla sijalizuia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nikaoga.

"Si zako, Mama Mdogo, na unajua si zako. Ukoo wenu hamna nywele hizi."

Bibi harusi aliniachia. "Anti, unasema nini?"

"Nasema mimi ni fundi. Nimezifumua, nimezinyoosha, nimezishona. Hazikutoka kichwani mwake."

"Ni za nani?"

"Za baba yako. Alizifuga mama yako alipokuwa anaumwa. Kaniambia mwenyewe, leo mchana, pale kazini."

Binti akageuka kumtazama baba yake. Na mimi nikageuka. Nilikuwa namngojea kwa amani kabisa, jamani, kwa sababu alisema hatanizuia.

Mume wangu hakumtazama binti. Hakunitazama mimi. Alimtazama Mama Mdogo, na Mama Mdogo akamtazama yeye. Ulikuwa mtazamo mfupi. Nimekaa na mwanamume huyu miaka, hajawahi kunitazama hivyo nikaelewa kitu. Wao walielewana.

"Si kweli," akasema. "Ni za mama yako mdogo. Siku zote tumekwambia hivyo."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Baba, umekaa kwenye kigoda changu ukaniambia ni zako."

"Nilikuja kutengeneza feni."

"Ulivua kofia."

"Kulikuwa na joto."

Bibi harusi alinitazama. Afadhali angenitukana. Alinitazama kwa huruma, ile ya kumhurumia mtu mzima aliyejiaibisha mbele ya watoto.

"Anti, kwa kiti tu?" akauliza. "Ningekuita mbele hata bila kiti. Nilikuwa nataka nyote wawili mkae. Nilikuwa nimeamua jana baada ya simu, nikasema nisubiri nikwambie vizuri."

Alinyanyua wigi kutoka kwenye kichwa cha plastiki kwa mikono miwili, akalikumbatia kifuani, akaenda chumbani kwake. Tulisikia ufunguo ukizunguka.

Tukabaki watatu. Nilimngojea Mama Mdogo afurahi. Alikuwa ameshinda, wigi lake, kiti chake, shemeji yake kamtetea mbele ya mke wake. Mahali pake ningekuwa nimeshakaa na kuomba maji ya kunywa.

Mama Mdogo alikuwa analia. Machozi yalimtoka bila sauti, mikono imelegea kando.

Ndipo wivu wangu ulipohama, ndugu zangu, kama mtu anayehama nyumba na vyombo vyake vyote. Miaka nimemwonea wivu aliyelala kaburini, nikapigana na picha, nikapigana na wigi. Aliye hai nilikuwa namwonea wivu wa kiti tu.

"Kwa nini umemtetea?" nikamuuliza mume wangu. "Mimi mke wako umenifanya mwongo mbele ya mtoto. Yeye ni nani kwako?"

Aliyejibu ni Mama Mdogo, na hakunijibu mimi.

"Mwambie," akamwambia yeye. Hakumwita shemeji. "Mwambie ulizifuga kwa sharti la nani. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na mtoto atasikia."

Mume wangu akaenda kufunga mlango wa sebuleni. Yaliyofuata, juma lijalo.